Majina ya Ushairi Pasipo Sikio

Neno nitakalolisema leo litawachukiza baadhi ya walimu wenzangu. Nawaomba radhi mapema, lakini sitalirudisha. Katika shule zetu twawafundisha watoto majina ya ushairi, wala hatuwafundishi ushairi. Mtoto arudi nyumbani na daftari limejaa: ubeti, mshororo, kina, mizani, ukwapi, utao, kibwagizo, takriri, tashbihi, sitiari. Mwulize maana ya kila jina, atakujibu upesi kama kasuku. Mpe ubeti mmoja auimbe, atausoma kama tangazo la mnada.

Mimi nami nalifundishwa hivyo. Mwalimu wetu aliandika majina ubaoni, tukanakili, na aliyesahau alichapwa. Mwaka ukaisha pasipo shairi hata moja kuimbwa, nami nikalichukia somo hilo kwa miaka mingi.

Haya ni makosa, maana mengi ya majina hayo ni ya mambo yasikiwayo, si ya mambo yaonwayo. Tazama mizani. Watoto wetu huhesabu herufi kwa macho, wakapotea. Neno mto lina mizani 2, kwa kuwa m yake hutamkwa peke yake. Neno mbuzi lina mizani 2, wala si 3, kwa kuwa m yake imeshikamana na b. Lakini mbwa, lianzalo kwa herufi zile zile, m yake husimama yenyewe, nalo likapata mizani 2. Jicho halina njia ya kuyatenganisha haya. Kinywa na viganja huyatenganisha mara moja. Waambie watoto wapige kofi kwa kila pigo la sauti, utaona.

Na kina vivyo hivyo. Mtoto aambiwa kuwa kina ni mfanano wa sauti, naye adhani shamba na maziwa yana kina kimoja, kwa kuwa yote yaishia kwa a. Sivyo. Kina ni silabi nzima: shamba hupatana na nyumba. Tena shairi la mistari 4, ambalo kila mstari una mizani 16, hukatwa katikati, 8 kwa 8, si kwa ajili ya kupamba ukurasa. Hapo ndipo mwimbaji atuapo. Katika utenzi, mistari 3 hushika kina kimoja, na wa 4 hurudi kwenye kina kile kinachofunga kila ubeti tangu mwanzo hata mwisho, ndipo msikilizaji ajue kuwa ubeti umekwisha. Utenzi wa Tambuka, wa mwaka 1728, ulitungwa kwa kanuni hiyo, na wengi walioupokea waliupokea kwa masikio.

Hasara yake twaisikia hata kanisani. Kiswahili hutia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho: twasema MOyo. Lakini mara ngapi maneno yetu yamebandikwa juu ya tuni ya Ulaya, hata tukaimba moYO? Wanakwaya wetu watungao nyimbo mpya huirudia kasoro ile ile, kwa sababu hakuna aliyewafundisha kusikiliza.

Wako wasemao, Haya ni mambo ya Lamu na Mombasa. Sisi wa Galula, watu wa bonde la Songwe, yatuhusu nini? Nami nawajibu, nendeni mkawasikilize wanawake wakilima pamoja. Mmoja huanza, wengine huitikia neno lile lile kila mara. Itikio hilo ndilo kibwagizo, na mama asiyepata kuingia darasani ajua mahali pa kuitikia pasipo kuhesabu.

Wengine, nao ni vijana waliosoma zaidi, husema kuwa vina vimepitwa na wakati, maana Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe aliviacha katika Kichomi, mwaka 1974. Kweli, na wafuasi wa sheria alizoziandika Kaluta Amri Abedi mwaka 1954 walimpinga sana. Katika ugomvi huo mimi sina upande. Lakini Kezilahabi aliviacha akivijua. Mtoto asiyepata kusikia kina hakukiacha, amekikosa tu.

Limebaki neno la mtihani. Waniambia, mtihani wataka majina. Vema, mtoto aliyekwisha kuimba beti kumi, mwambie jioni moja kuwa pale alipotua ndipo mwisho wa ukwapi, hatasahau. Mwenzangu asiyesadiki na alete darasa lake, nami nilete langu. Tuwape ubeti wasioupata kuuona, bila kalamu wala daftari, tusikilize ni watoto wa nani watakaotua mahali pake.