Samaki nao wanasikia, jamani!

Wadau, mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Mvuvi wa Ujiji akaanika nyavu. Sawa. Lakini mbona hoja ni nyavu tu? Kelele za injini je?

Tusidanganyane kwamba samaki ni kiziwi. Majini sauti husafiri kwa kasi zaidi ya mara nne ya hewani. Mwaka 2013, Rick Bruintjes na Andrew Radford wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walichapisha utafiti juu ya samaki wa ziwa letu hili, Neolamprologus pulcher, wale wadogo wa kwenye miamba wanaolea watoto kwa ushirika, kama ukoo. Walipigiwa sauti ya boti iliyorekodiwa. Matokeo? Wakapunguza kuchimba makazi yao, wakalegea kuwafukuza maadui wa mayai na vifaranga, na wadogo wakazidi kuonewa. Ukoo umevurugika, na hakuna aliyetupa wavu!

Mtasema huyo si dagaa wala mgebuka. Kweli kabisa. Basi nao wapimwe! TAFIRI wana kituo Kigoma. Wapewe fedha za vinasa sauti vya majini. Na boti za kwenda Gombe na Mahale zipunguze mwendo zinapokaribia miamba. Hilo nalo linasubiri mfadhili?

Kumfungia ziwa mwenye mtumbwi ni rahisi, hana wa kumsemea. Mwenye injini kubwa tunamwogopea nini?