Tuacheni wazee tufanye kazi ya kambini

Jamaa zetu kadhaa, wengine Voi na wengine hapa Minnesota, wametuuliza kwa upole kama tumefilisika. Wameona picha: mimi nimevaa fulana ya hifadhi na glavu za mpira, brashi ya choo mkononi; mzee wangu amechuchumaa kando ya trela anaunga bomba la maji machafu. Mpwa wangu mmoja amejitolea kutuchangia kodi ya nyumba. Namshukuru kwa moyo wake, lakini nyumba tunayo, deni lake limekwisha, na tunairudia kila baridi inapokaribia. Kazi ya kambini, yaani kulala kwenye trela na kuhudumia wageni wa hifadhi, tumeichagua wenyewe. Naamini wazee wenzetu walio na afya, hasa waliozeekea ughaibuni, wangefaidika kuifikiria, na vijana wao wangefanya hisani kutowazuia.

Nilihudumu katika nyumba za kutunzia wazee mjini Minneapolis mpaka nilipostaafu. Wakenya wengi wa huku wanaijua kazi hiyo: kuamsha, kuogesha, kumgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda. Niliwaona watu waliokuwa mafundi, walimu na wakulima wa mahindi wakiketishwa mbele ya runinga baada ya kifungua kinywa, na jioni ukija na sahani unawakuta palepale. Wengi walianza kudhoofika kwa kukosa mtu wa kuwahitaji, miguu ikafuata baadaye. Daktari atalieleza kwa namna yake. Mimi nasema nilichokiona nikiwavisha soksi. Nikaapa kwamba sisi wawili hatutaanza uzee wetu kitini.

Ndipo tukanunua trela. Ni la mkono wa pili, lina kitanda, jiko la gesi, friji, choo na bafu dogo, na huvutwa na pikapu. Mtu asidhani ni kulifunga tu na kuondoka. Uzito unaolalia ndoano ya gari unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela. Mizigo ikijazwa nyuma, uzito ule wa mbele hupungua, na kwenye barabara kuu ya kasi trela huanza kuyumba kama mkia wa samaki hadi gari lenyewe linayumba nalo. Pepo za South Dakota zinapovuma ubavuni ndipo unapojua ulipakia vipi. Mzee wangu alifanya kazi ya ghala miaka mingi, kwa hiyo kupanga mizigo ni jambo analolifanya kwa heshima kubwa: vyakula vya kopo na vyombo vya chuma juu ya ekseli, hakuna kizito nyuma kabisa.

Kupiga rivasi kulitufunza kusikilizana upya. Mkono wa dereva hukaa chini ya usukani. Unapotaka trela liende kushoto, mkono unaupeleka kushoto, polepole. Mimi husimama nyuma mahali anapoweza kuniona kwenye kioo, na kanuni yetu ni moja: asiponiona, anasimama. Trela likishatulia, magurudumu yanazuiwa kabla ya kitu kingine chochote, kisha unaweka pima maji sakafuni, kwa sababu friji inayotumia gesi inaweza kuharibika ikiwashwa kwenye mteremko. Umeme wa ampea 30 mara nyingi hautoshi kiyoyozi na oveni ya mikrowevu kwa pamoja. Tangi la choo huachwa limefungwa mpaka lijae, ndipo uchafu wote utoke kwa mkumbo mmoja. Maji ya sinki na bafu unayafungulia mwisho ili yasafishe bomba. Haya nayaandika kwa makusudi. Ni ujuzi, unafunzika hata ukiwa na mvi, na siku unapoujua unalala vizuri.

Kazi yenyewe tunaifanya katika Hifadhi ya Jimbo ya Custer, kwenye milima ya Black Hills, South Dakota, penye ekari 71,000 za misonobari, majabali na majani. Mwenyeji wa kambi hapewi bunduki wala kitabu cha faini. Anapewa kiwanja cha kuegesha trela pamoja na umeme bila malipo, naye hutoa saa kadhaa za kazi alizokubali kila wiki. Tunawapokea wageni, tunawaonyesha viwanja vyao, tunasafisha vyoo, tunazoa majivu kwenye mashimo ya moto. Kwenye majivu mimi sina mchezo. Desemba 2017 moto uliounguza zaidi ya ekari 50,000 ulipita hapa, ukianzia kwenye mti ulioangukia waya wa umeme. Vigogo vyeusi bado vimesimama kwenye miteremko. Kwa hiyo ninapomwambia kijana amwagie moto wake maji, aukoroge, amwagie tena, halafu ashike majivu kwa mkono ahakikishe yamepoa, namaanisha hivyo hivyo.

Sehemu kubwa ya siku ni kuwaokoa watu na baisani. Ni mnyama wa familia ya ng'ombe, mabega yamefunikwa manyoya, na hifadhi hii ina kundi lake kubwa lililotokana na wanyama 36 walionunuliwa mwaka 1914. Mgeni akimwona amesimama kimya anadhani ni mpole, anasogea na simu yake apige picha. Mnyama huyo hukimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Mimi niliyekulia kando ya ndovu sihitaji kufundishwa kumwachia mnyama nafasi, na sauti ninayotumia kuwaita watu warudi nyuma ni ya mama wa Kitaita, haihitaji tafsiri. Punda nao wapo, wanasimamisha magari barabarani kuomba chakula. Watoto huwapenda kuliko wanyama wote.

Nimesema nimekulia kando ya ndovu. Tsavo ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1948, na utoto wangu ulikuwa upande wa nje wa mpaka wake, tulikokesha tukipiga madebe ili mahindi yasiliwe. Lango lilikuwa la wageni wenye magari. Sikuwahi kulala ndani yake hata usiku mmoja. Ndiyo maana nilipofika Black Hills nilitaka kujua hapa palikuwa pa nani. Mkataba wa Fort Laramie wa 1868 uliwaahidi Walakota, Wamarekani wa asili, milima hii. Custer, ambaye hifadhi inabeba jina lake, aliongoza msafara wa jeshi mwaka 1874, dhahabu ikaonekana, na 1877 milima ikachukuliwa. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamuru walipwe zaidi ya dola milioni 100. Wamekataa pesa hizo hadi leo, wanataka milima yao. Mgeni akiniuliza historia ya hapa, humweleza na hayo. Mzee wangu huona nazungumza mno. Mimi huona mwenyeji asiyeyajua hayo hajawapokea wageni ipasavyo.

Sasa upande ulio mgumu. Kiangazi chetu cha kwanza tulikuwa kwenye kambi ya mtu binafsi, katika jimbo jingine, nami nitaiacha bila jina. Tulikubaliana kwa mdomo. Saa zikaanza kuongezeka: leo mashuka ya vibanda, kesho kukata nyasi Jumapili, kesho kutwa mzee wangu apande paa kwa sababu fundi hakuja. Tulipouliza tukakumbushwa kwamba umeme tunaupata bure. Tuliondoka kabla ya msimu kwisha, na tuliweza kuondoka kwa sababu tulikuwa na pa kurudi. Jirani yetu wa pale, mama mjane aliyeishi kwenye gari lake mwaka mzima, alibaki na akapanda paa.

Hapo ndipo penye hoja yangu yote. Kazi hii ni njema kwa mzee anayeweza kusema hapana. Jessica Bruder aliandika kitabu cha Nomadland mwaka 2017 kuhusu wazee wa Marekani wanaozunguka na magari wakitafuta vibarua kwa sababu pensheni haitoshi kodi, na filamu yake ilishinda Oscar mwaka 2021. Watu wakaondoka sinemani wakisifu machweo. Mimi nimewaona wazee hao, na naona ni dhuluma kwa biashara inayoingiza faida kumlipa mjane kwa soketi ya umeme. Mwenye shida alipwe pesa taslimu, kwa saa, kama mfanyakazi mwingine yeyote. Kujitolea kwenye hifadhi ya umma ni suala tofauti, na hata huko saa ziandikwe.

Kwa hiyo mzee anayetaka kujaribu nampa ushauri huu. Usiuze nyumba ili ununue trela. Kodi trela kwanza, ulale ndani yake na mwenzako mvua ya mawe ikipiga paa, mwone kama bado mnaongea asubuhi. Ukiwa raia au mkazi wa kudumu wa Marekani na umefika miaka 62, nunua kadi ya wazee ya hifadhi za taifa. Sisi tulilipa dola 80, ni ya maisha, na kambi nyingi za serikali kuu hukata bei nusu. Hesabu umbali wa hospitali iliyo karibu na dawa zako za mwezi. Halafu dai karatasi: saa ngapi, siku zipi, nani anapanda paa.

Na wewe mpwa wangu, zile pesa za kodi nunulia tiketi uje Septemba. Wapanda farasi hukusanya baisani wote bondeni Ijumaa ya mwisho ya mwezi, na sisi siku hiyo tuko zamu ya kuelekeza magari kuanzia alfajiri.