Samaki wa mu kioo: bokali ya kwanza haikai peke yake



Inaanzaka na bokali moja. Mtu anakupa gupi wawili, wale samaki wadogo wenye mkia wa rangi, ndani ya mfuko wa plastiki. Unawamwanga mu bokali ya mayoneze iliyooshwa vizuri, unaiweka juu ya meza ya saluni, na jioni ile batoto wote wanasahau televizio. Mwezi haujaisha, gupi jike amezaa vitoto ishirini (samaki hawa hawatagi mayai, wanazaa). Bokali imekuwa ndogo. Unatafuta ya pili. Kisha fundi wa vioo anakukatia vipande vitano, mnavibandika kwa silikoni, na sasa uko na sanduku la kioo lenye urefu wa sentimeta 60. Nalo, kabla ya Noeli, unaliona dogo.

Kama wewe ni kijana wa Katuba, wa Ruashi, wa Kipushi ao wa Likasi, na umejitambua katika mistari hii, usifunge gazeti. Sikukatazi. Kati ya mambo yote yanayoweza kumshika kijana usiku, kukaa mbele ya samaki si baya. Lakini kazi hii iko na namna yake ya kuingia mu nyumba, na wanaoilipia si wewe peke yako.

Wengi wanaongeza masanduku juu ya jambo moja wasilolisema: samaki wao wanakufa. Siku ya tano mmoja anaelea, siku ya nane wawili. Unasema alikuwa mgonjwa, unanunua mwingine. Naye anakufa. Unasema kioo ni kidogo, unatafuta franga za kioo kikubwa. Hivi njo tamaa inavyokua: mtu anafukuza kwa pesa jambo ambalo linataka siku tu.

Sikiliza namna inavyokuwa. Samaki anakula, anajisaidia mu maji yale yale anayopumua. Uchafu wake na chakula kilichobaki vinatoa amonia, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo ni sumu vilevile, na bakteria wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia kama si nyingi sana. Bakteria hao huwaoni. Wanakaa juu ya mchanga, juu ya mawe, ndani ya sponji ya filtri. Mu sanduku jipya hawapo. Wanahitaji majuma manne, mara nyingi sita, ili wawe wa kutosha. Basi maji yanayong'aa ya siku ya kwanza, yale unayojivunia mbele ya jirani, njo maji ya hatari kuliko yote.

Kwa hiyo anza na maji, samaki baadaye. Jaza sanduku, tia mchanga uliooshwa mara nyingi, tia majani ya maji, na umwage chembe chache za chakula kila siku kana kwamba samaki wamo. Kama rafiki yako ana sanduku la zamani lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sponji yake chafu. Uchafu ule ni mali, utakupunguzia siku nyingi. Kisha ingiza samaki wawili, watatu, ungoje tena. Lisha mara moja kwa siku, kile wanachomaliza kwa dakika mbili. Maji ya robine yenye klori yalale kwanza mu beseni wazi siku nzima, juu klori inaua samaki na bakteria pamoja. Na ile silikoni ya fundi, hakikisha si ya kuogea, ile yenye dawa ya kuzuia kuvu. Inatoa sumu polepole.

Sasa tufanye hesabu, na hapa nataka ukae chini. Sanduku la sentimeta 60 kwa 30 kwa 30 linachukua litre 54. Lile la mita moja, lenye upana wa 40 na kimo cha 50, linachukua litre 200. Kila juma unabadilisha robo ya maji. Kwa la kwanza ni litre 13 na nusu. Kwa la pili ni 50. Ukiwa nayo yote mawili, ni litre 63 na zaidi, maana yake bidoni tatu za litre 20 na kidogo, kila juma, mwaka mzima. Uzito wake unazidi kilo 60.

Nani anabeba bidoni hizo?

Mu nyumba mingi za cité zetu robine haitoi kila siku. Maji yanatoka ku kisima ao ku foraji, yanalipwa bidoni kwa bidoni, na yanapanda juu ya kichwa cha mtu. Mara nyingi kichwa hicho si cha mwenye samaki. Ni cha dada yake mdogo. Anarudi na bidoni ya kufulia na kupikia, anakuta yaya amekwisha kuimwanga mu kioo. "Yaya, ile maji ilikuwa ya samaki ao ya sisi?" Swali hilo lina haki kabisa, na jibu la "samaki watakufa" halitoshi. Mwenye samaki abebe maji ya samaki. Chagua siku ya posho asubuhi, chukua bidoni zako mwenyewe, nenda foleni na bamama. Utajua haraka sana kama kweli unataka sanduku la tatu. Na maji machafu unayotoa usiyatupe, yana mbolea. Mimina ku lengalenga na nyanya, na mama ataanza kuwaona samaki wako kwa jicho lingine.

Jambo la pili ni umeme, ao kura, kama tunavyosema. Vitabu vinavyotoka Poto vinaandikwa na watu ambao kwao umeme haukatiki. Kura ikikatika pompi inasimama, hewa inapungua, samaki wanapanda juu wakifungua-fungua kinywa. Usiwalishe siku hiyo. Chota maji kwa kikombe na kuyarudisha kutoka juu, mara kwa mara, ili yachukue hewa. Na ikiwa filtri yako ni ya kufungwa na imekaa saa nyingi bila kazi, usiiwashe tu wakati kura inarudi: bakteria wa ndani wamekosa hewa, wamekufa, na utawamwangia samaki uozo. Fungua kwanza, osha sponji mu maji ya sanduku lenyewe, si ya robine. Dawa kubwa zaidi ni kuwa na samaki wachache. Sanduku lenye samaki sita linavumilia usiku mmoja wa giza. Lenye arobaini halivumilii.

Tena kuna baridi. Lubumbashi iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba unajua mwenyewe namna inavyouma. Gupi anataka maji ya digri 24 hivi. Kifaa cha kupashia maji kinakula kura usiku kucha, kama kura ipo. Funika sanduku kwa kartoni na blanketi nzee, liweke mbali na dirisha. Kioo kikubwa kinapoa polepole kuliko bokali.

Na sasa neno moja kwa batoto wa nchi ya shaba. Tuko na mawe mazuri, na najua mkono wako unataka kuweka kipande cha malakiti mu maji, rangi yake ya majani ingependeza mbele ya samaki wekundu. Usiweke. Malakiti ni shaba. Shaba mu maji, hata kidogo sana, inaharibu matamvua ya samaki. Konokono na kamba wanakufa wa kwanza. Wala usitie waya wa shaba, wala maji ya mvua kutoka mabati mapya, juu mabati yamepakwa zinki. Usichote ku mto unaopita chini ya kiwanda. Mwaka 2010 wachunguzi, kati yao watu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walitoa uchunguzi wao juu ya shaba, kobalti na metali nyingine katika viumbe vya bonde la Lufira ya juu, upande wa ziwa Tshangalele. Samaki wako wa mu kioo anakufundisha kwa siku tatu jambo ambalo mto unachukua miaka kulionyesha.

Usifikiri kwamba tamaa hii imeanza kwetu. Mwaka 1850 mkemia Mwingereza, Robert Warington, alieleza namna samaki, konokono na majani vinavyoweza kuishi pamoja mu chombo cha kioo. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa watu wote, na mwaka 1854 Philip Gosse akatoa kitabu chake juu ya jambo hilo. Nchi nzima ikashikwa. Bamama na mabwana wakashuka pwani na ndoo na nyundo, wakachokonoa miamba, wakajaza vioo vyao. Miaka michache baadaye wengi walichoka. Mwana wa Gosse aliandika mwaka 1907 kwa huzuni kwamba pwani zile za utoto wake ziliharibiwa na watu waliokuja kukusanya.

Leo ndoo ziko kwetu. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, lina aina zaidi ya mia mbili za samaki wa jamaa ya tilapia, na karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani. Toka miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa anawatuma ng'ambo kutoka Bujumbura, na mmoja wao anaitwa brichardi kwa jina lake. Ukitaja Moba mbele ya mfugaji wa samaki wa Ujerumani, anaweza asijue kama Moba ni mji wenye watu na soko. Kwake ni jina la samaki wa buluu mwenye kibonge ku paji la uso. Anamwita "Zaire buluu", ingawa nchi ilibadili jina mwaka 1997. Samaki huyo anapita sentimeta 30 na anataka mamia ya litre. Si wa kuanzia, hata kama shemeji yako wa Kalemie anakuahidi mmoja.

Mimi ningekuonyesha mwingine, wa karibu zaidi. Katika mabwawa madogo ya Katanga, yale yanayojaa wakati wa mvua na kukauka kabisa wakati wa kiangazi, kuna samaki wa sentimeta tano hivi, dume wake amepakwa rangi kama kitambaa cha sikukuu. Wataalamu wanamwita Nothobranchius. Mwaka 1978 Mholanzi Wildekamp aliandika aina kadhaa za kwetu. Mbili alizipa majina ya Symoens na Malaisse, maprofesa waliofundisha Lubumbashi. Samaki hawa wanaishi miezi michache tu. Wanataga mu matope, bwawa linakauka, wakubwa wote wanakufa, na mayai yanangoja ndani ya udongo mpaka mvua irudi.

Tazama namna anavyofaa mu nyumba ya kwetu. Dume mmoja na majike wawili wanatosha mu litre 20. Robo ya maji ni litre tano, nusu ya ndoo. Anakula vidudu vyenye uhai, na viluwiluwi vya mbu anavipenda sana (lakini beseni unalovilea livue kila siku bila kukosa, usije ukalea malaria ya mtaa mzima). Ukipata bwawa, omba ruhusa kwa shefu wa kijiji, chukua samaki wachache, mengine yaache, juu aina nyingine zinajulikana mahali pachache tu. Na gupi wako waliozidi usiwatupe kamwe mu bwawa hilo wala mu Kafubu.

Mu sanduku weka kibakuli chenye udongo mwepesi wa majani yaliyooza, uliochemshwa na kupoa. Watataga humo. Baada ya majuma mawili toa udongo, ukamue kwa mkono, uuache ukauke mpaka uwe kama tumbaku ya kusokota, si mkavu wala si wa kuchuruzika. Utie mu mfuko wa plastiki, ufunge, uandike juu yake tarehe na jina la samaki. Mayai yanangoja miezi mitatu, mengine zaidi ya sita, inategemea aina na joto. Hivyo mwezi wa saba, wakati wenzako wanafunika vioo kwa blanketi, wewe huna kioo cha kupasha moto. Uko na mfuko wa matope mu kabati. Mwambie mama mapema ni wa nini, kabla hajafagia.