Mfuko wa Mkojo Haumtoi Mtu Msikitini

Yako maradhi ambayo sisi watu wa pwani huyataja kwa kunong'ona, na kansa ya kibofu ni mojawapo. Mzee hukojoa damu mwaka mzima, na akiulizwa hujibu ya kwamba ni joto la mwili tu.

Kansa hiyo ni ya namna mbalimbali. Iliyo nyingi Ulaya na Marekani huota katika utando wa ndani wa kibofu, na sigara ndiyo mchochezi wake mkubwa. Iko nyingine, ya chembe bapa mfano wa zile za ngozi, ambayo kwao ni nadra, lakini hufuata nyayo za kichocho. Nacho kichocho si mgeni kwetu: kimo Kwale, kimo Tana River, kimo katika vidimbwi vyenye konokono wake. Mdudu yule aligunduliwa na Mjerumani Theodor Bilharz mjini Cairo mwaka wa 1851. Mayai yake hunasa katika ukuta wa kibofu yakiutia vidonda miaka na miaka.

Kansa ya namna hii haisikii sana dawa za sindano. Tegemeo ni kisu: kibofu chote hutolewa, na mkojo ukapitishwa katika kipande cha utumbo mpaka nje ya tumbo, ukaingia mfukoni. Wamisri, ambao maradhi haya yaliwatesa sana, wamekuwa mabingwa. Kituo cha Mansoura, kilichofunguliwa mwaka wa 1983 chini ya Dakta Mohamed Ghoneim, kinasifika, na huko mgonjwa anayefaa hutengenezewa hata kibofu kipya kwa utumbo wake mwenyewe.

Hapa ndipo penye ugomvi wangu. Nimemsikia mtu mzima akiapa ya kwamba ni heri afe na tohara yake kuliko kuswali na mkojo kiunoni. Nani aliyemfundisha hayo? Fiqhi ya Kishafii tuliyosomeshwa chuoni ina hukumu ya mwenye udhuru wa kutokwa na mkojo: hujisafisha, hutawadha wakati wa sala ukiisha kuingia, huswali faradhi yake, na kwa faradhi ijayo hutawadha tena. Mashekhe wetu na wayaseme haya mimbarini, wasingoje mpaka mtu amekwisha kukataa kupasuliwa.

Ama mtoto anayekojoa damu, zahanati haiko mbali: vidonge vya prazikwanteli humuua mdudu huyo. Tena visiwe vya wavulana peke yao, maana wasichana wachotao maji na kufua nguo nao hushinda mtoni.