Pete Ndogo Iliyogombanisha Jamaa

Baba mmoja wa jamaa, msomaji wetu wa siku nyingi, alituletea barua yenye huzuni. Anayo motokari ya kale, Volkswagen ile ya mgongo wa mviringo iliyo na injini nyuma, aliyoirithi kwa marehemu baba yake aliyekuwa mwalimu. Ndiyo ipelekayo mihogo na ndizi sokoni. Ndiyo impelekayo mama wa nyumba hospitalini siku za taabu. Sasa yavuja mafuta. Mpwa wake, kijana aliyejifunza ufundi, aliitengeneza mara mbili katika mwaka mmoja, na mara zote mbili mafuta yalirudi. Akatuandikia: «Mpwa wangu amekula fedha yangu, nami sitaki aingie tena kwangu. Dada yangu naye amenikasirikia. Je, nimekosa?»

Hatukumjibu kwa kalamu. Tulimwendea siku ya Jumamosi pamoja na fundi mmoja aliyezeeka katika garaji la misioni, tukamwomba dada yake amtume kijana. Tuliyoyaona siku ile twawasimulia leo, kwani twadhani yawahusu wengi.

Kwanza yatupasa kueleza jambo lenyewe. Ndani ya injini mna mhimili mkuu wa chuma, ambao mafundi huuita vilebrekini, unaozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Ncha yake moja hushika gurudumu zito la chuma, na juu ya gurudumu hilo hukaa klachi ipelekayo nguvu kwenye sanduku la gia. Hapo mhimili unapokutana na gurudumu pana tundu katika ukuta wa injini, na likiachwa wazi mafuta yatamwagika. Kwa hiyo huwekwa pete ya mpira yenye mdomo mwembamba, unaokumbatia kitovu cha gurudumu kinapozunguka. Mafundi wetu huiita spi. Haizidi upana wa kiganja, na bei yake ni ndogo. Lakini mtu hawezi kuifikia asiposhusha injini nzima.

Wengine husema: «Yanadondoka matone tu, si neno.» Wanajidanganya. Injini ya motokari hii haipozwi kwa maji, bali kwa upepo na kwa mafuta yake yenyewe, nayo huchukua lita 2.5 tu. Ikipoteza lita moja, imepoteza karibu nusu ya uhai wake. Tena mafuta hayo hudondokea klachi. Klachi iliyolowa haishiki: injini yanguruma, gari halina nguvu. Basi mfikirie baba huyu akipanda mlima wa Ngomo kutoka Kamanyola kwenda Bukavu, gari limejaa watu na mizigo, bonde liko kando yake, naye hana nguvu ya kuendelea mbele!

Mzee fundi hakushika spana upesi. Alilala chini ya gari, akapangusa, akachovya kidole katika mafuta, akanusa. Alitueleza kwamba mahali pale injini inapoungana na sanduku la gia mafuta ya aina mbili yaweza kutoka. Mafuta ya injini ni meusi na mepesi. Mafuta ya gia ni mazito na yananuka kama kiberiti. Asiyetofautisha hayo mawili aweza kubadili pete ya injini, kumbe iliyokufa ni ile ya sanduku la gia. Haya yalikuwa ya injini kweli. Kisha akatazama bomba la kupumulia injini, maana likiziba, hewa ya ndani husukuma mafuta nje hata kama pete ni mpya. Bomba lilikuwa safi.

Halafu alifanya jambo ambalo kila mwenye motokari kama hii aweza kulifanya mwenyewe. Injini ikiwa imezimwa, alishika kwa mikono miwili puli ya mkanda, iliyo kwenye ncha ya pili ya mhimili, akaivuta na kuisukuma. Tukasikia: tak, tak. Mzee akamtazama kijana. Kijana akatazama chini.

Basi kazi ikaanza. Walitoa waya wa betri, ambayo hukaa chini ya kiti cha nyuma. Wakaziba bomba la petroli, na jirani aliyekuja na sigara akaombwa akae mbali. Walifungua waya wa kichapuzi, nyaya za umeme na mabomba ya joto, wakainua nyuma ya gari na kuitegemeza imara kwa magogo, kwani jeki peke yake haiaminiki. Injini hushikwa na sanduku la gia mahali panne tu. Waliifungua, wakaivuta polepole ikiwa sawasawa, bila kuiacha ining'inie juu ya mhimili wa gia, wakaishusha. Klachi ilifunguliwa bolti zake sita, kila moja kidogo kidogo kwa zamu, isije ikapinda. Vumbi lake hawakulipuliza, bali walilifuta kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu klachi za kale zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi la asbesto huharibu mapafu ya mtu baada ya miaka mingi.

Kabla ya kufungua gurudumu, mzee aliweka saa ndogo ya kupimia, ambayo mshale wake huonyesha sehemu za mia za milimeta. Mhimili wa injini hii lazima uwe na nafasi kidogo ya kwenda mbele na nyuma, isipungue milimeta 0.07 wala isizidi 0.13, ikifika 0.15, imekwisha kupita mpaka. Mshale ulionyesha 0.44.

Kisha akafungua nati kubwa ya katikati, ya milimeta 36, akatoa gurudumu. Nyuma yake mna vipande vyembamba vya chuma, vya duara kama pete, vinavyopima nafasi hiyo. Ni lazima viwe vitatu. Unene wao ndio unaochaguliwa ili kupata kipimo.

«Mwanangu,» mzee aliuliza, «viko vingapi hapa?»

Kijana akanyamaza kitambo. «Viwili, Mzee.»

«Na uliponifungulia injini hii mara ya kwanza?» akauliza mjomba wake.

«Vilikuwa vitatu, mjomba. Kimoja kilianguka mchangani usiku ule tulipofanya kazi kwa taa. Nilikitafuta, sikukiona. Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Niliogopa kukuambia. Mara ya pili nilijua, lakini nilitumaini kwamba pete mpya itatosha.»

Wasomaji wapenzi, tulidhani hasira itawaka. Lakini yule baba alikaa juu ya gogo, akasema kwa sauti ndogo: «Usiku ule ni mimi niliyekuambia: Funga upesi, maliza. Nawe uliniomba tungojee mchana.»

Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yote. Mhimili uliokosa kipande kimoja ulikuwa ukienda na kurudi, ukila mdomo wa pete kila siku. Na pete ya pili ilikufa kama ya kwanza. Wangeweza kuweka pete kumi. Aliyebadili kilichokufa bila kutafuta kilichokiua hajatengeneza kitu.

Kilichobaki kilikwenda kwa utulivu. Mzee alitazama kitovu cha gurudumu kama mdomo wa pete haukukichimba mfereji, maana mfereji ungekula pete mpya pia, kilikuwa laini. Alirudisha vipande viwili bila pete ya mpira, akafunga, akapima, akatoa 0.10 katika kipimo alichopata: kilichosalia ndicho unene wa kipande cha tatu. Alikipata katika kopo lake. Kijana ndiye aliyepima tena, na mshale ukasimama kwenye 0.10. Ndipo walipoweka pete mpya. Walisafisha mahali pake, wakapaka mdomo wake mafuta safi usiungue siku ya kwanza, wakaiingiza sawasawa pande zote bila kuipiga upande mmoja. Hawakusahau pete nyingine ndogo ya mpira ikaayo ndani ya kitovu cha gurudumu katika injini za miaka ya baadaye. Ikisahauliwa, mafuta hutokea katikati, na watu huilaumu pete kubwa bure. Nati kubwa ilikazwa kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 30 uliotundikwa mwisho wa chuma cha urefu wa mita moja. Wala haikazwi kwa kukisia, kwani ikilegea gurudumu zima laweza kuharibika na kuharibu mhimili.

Jua lilipotua injini ilikuwa mahali pake. Baba yule aliweka karatasi nyeupe chini ya gari. Mwezi mmoja umepita sasa, naye atuandikia kwamba karatasi ingali kavu, na kwamba Jumapili mpwa wake alikula kwake pamoja na mama yake.

Basi, ndugu yetu, ulituuliza kama umekosa. Ulikosa, na mpwa wako alikosa. Lakini hapakuwa na mwizi. Kijana alificha kosa dogo kwa hofu, na kosa lililofichwa likazaa la pili. Wewe nawe ulimharakisha, halafu ukamhukumu bila kumwuliza. Mara ngapi mambo ya jamaa zetu ni hivyo! Twaona mafuta yakidondoka, yaani maneno makali na ukimya mezani, twabadili kilicho karibu na mkono, wala hatutaki kushusha injini nzima ili kutazama ndani, kwa sababu ni kazi ndefu.

Kwa vijana wenye ufundi twasema: kitu kikipotea, sema siku ile ile. Kusema kutakugharimu haya ya saa moja. Kuficha kutakugharimu jina lako. Kwa wenye kuwapa kazi twasema: mlipe fundi saa zake, mpe mwanga wa mchana, wala usimfanye aogope kukuambia kweli. Mwaka 1955 Papa Pio wa Kumi na Mbili aliiweka tarehe 1 Mei iwe sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Injili haina neno hata moja lililotoka kinywani mwa Yosefu. Lakini twaamini kwamba kazi ya mikono yake ilisema kweli.

Motokari za namna hii hazitengenezwi tena. Ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, nchini Meksiko, tarehe 30 Julai 2003, baada ya nyingine zaidi ya milioni 21. Mwenye kuwa nayo amekabidhiwa kazi ya mikono ya watu wengi, na wengi wao wamekwisha kufa. Aitunze vema. Lakini zaidi ya motokari atunze jamaa yake, kwa maana kipande kilichopotea humo hakipatikani katika kopo la fundi yeyote.