UZEE SI KUFUNGA KITABU



Iko methali ambayo wengi wetu twaipenda: Samaki mkunje angali mbichi. Ni neno jema kwa mwenye kulea mtoto. Lakini sisi twaona latumiwa vibaya, maana mzee akitaka kujifunza kusoma huambiwa kwamba amekwisha kauka.

Tumkumbuke Mzee Kimani Maruge. Mwezi wa Januari 2003 Serikali iliondoa karo katika shule za msingi. Mwaka uliofuata mzee huyu, aliyepigana katika Mau Mau, aliingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na umri wa miaka 84, naye amevaa kaptura na soksi ndefu kama wenzake. Alitaka kujisomea Biblia, na kuweza kuhesabu fedha zake ikiwa atalipwa fidia. Mwaka 2005 alisafiri mpaka New York kusema katika Umoja wa Mataifa juu ya elimu. Alifariki mwaka 2009.

Alichokataa ni kusomewa na mtu mwingine mambo yaliyomhusu yeye.

Na sisi je? Wako wenzetu waliofanya kazi miaka thelathini, na siku ya kustaafu hutia dole gumba chini ya karatasi wasiyoijua. Makato yao ya N.S.S.F. yameandikwa, lakini asiyejua kusoma atajuaje kama yote yalipelekwa? Atamwuliza karani, na karani ni wa mwajiri. Jasho ni lake, hesabu iko mdomoni mwa mwingine.

Kinachowazuia wazee wetu si akili, ni haya. Mtu mwenye wajukuu haoni raha kukosea mbele ya vijana. Basi ninyi vijana, msicheke. Hao ndio waliowatangulia katika chama, na haki nyingi mnazozipata leo wao ndio waliozidai.

Kwa hiyo twaomba kila tawi litenge jioni moja kwa juma, chumba, ubao, na mwalimu kutoka miongoni mwetu. Somo la kwanza liwe hati ya mshahara. Mwajiri aweza kusema mikono yetu imefikia mwisho wa kazi. Juu ya akili zetu hana amri.

Mzee na aje na miwani yake, kijana na aje na chaki.