Fundi akishauri shoki zibadilishwe, mwenye gari apime nini?

WAMILIKI wa magari wanaoishi Chepseon, Kaunti ya Kericho, wameuzoea ushauri wa mafundi kuhusu springi, shoki na bushi. Kituo hicho kimo katika barabara kuu ya Kericho kuelekea Nakuru, lakini anayekwenda shambani huacha lami na kuingia njia za mawe na matope. Isitoshe, magari mengi humu nchini huletwa yakiwa yametumika Japani, na sehemu zake za chini huwa zimekwisha kuanza kuchakaa.

Swali linalowatatiza wengi ni iwapo fundi analitibu gari au anautibu mfuko wake. Jibu halipatikani kwa kumshuku kila fundi wala kwa kumwamini kila fundi, bali kwa kutaka kuonyeshwa kasoro yenyewe.

Kasoro hizo hazilingani kwa uzito. Boljointi iliyolegea yaweza kuchomoka, gurudumu likalala upande gari likiwa mwendoni. Hiyo haingoji bonasi ya majani chai. Gari likiinuliwa kwa jeki na gurudumu kutikiswa juu na chini, mwenyewe ataona kama linacheza.

Shoki inayovuja mafuta huliacha gari likidunda, tairi zisishike barabara barabara, na gari huchukua masafa marefu zaidi kusimama. Hubadilishwa mbili kwa pamoja, kushoto na kulia. Bushi zilizoanza kupasuka, kwa upande mwingine, hupiga kelele na kusababisha tairi kuliwa upande mmoja. Zaweza kusubiri kidogo, mradi gari halivutwi kando.

Kuhusu gharama, wengi hulinganisha bei ya matengenezo na thamani ya gari kuukuu, kisha wakaghairi. Kipimo hicho kinapotosha, kwani fedha za shoki haziwezi kununua gari jingine. Linganisho la haki ni bei ya tairi zitakazoharibika na siku za kazi zitakazopotea. Hata hivyo, ikiwa kutu imekula bodi pale shoki inapofungwa, kuweka vipuri vipya ni kumwaga maji mchangani.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka kila gari liwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara. Wakazi wa eneo hili hawahitaji kukumbushwa sababu. Mnamo Juni 30, 2023, lori lililopoteza mwelekeo liliua zaidi ya watu 50 katika makutano ya Londiani, kwenye barabara iyo hiyo. Wengi wao hawakuwa na usukani mkononi. Walikuwa kando ya barabara wakichuma riziki.

Kwa hivyo, uamuzi wa mwenye gari si wake pekee. Fundi aonyeshe kasoro, aanze na ile inayoweza kuua, na arejeshe kipuri kikuukuu kikaguliwe. Akikataa kuonyesha, gereji nyingine ziko.